Kifungo Bora Hukubali Kukazwa Upya

Kutoka baiskeli za mkaa zinazoingia Lubumbashi hadi bati la Mitwaba linaloshika vipande vya simu za dunia nzima, Katanga ina elimu kubwa ya kufanya vitu vikae mahali pake. Makala hii inaifuata elimu hiyo barabarani, kijijini na gerejini.

Alfajiri, kwenye barabara zinazoingia Lubumbashi kutoka Likasi, Kasenga na Kasumbalesa, hupita baiskeli ambazo kwa mbali huwezi kuzitambua kuwa ni baiskeli. Unaona magunia manne au matano, mengine yamesimama na mengine yamelazwa juu yake, na nyuma mtu ameinama akisukuma. Ndani ya magunia mna makala, yaani mkaa wa miti ya miombo, ambao ndio moto wa jikoni katika nyumba nyingi za komini za Katuba, Kenya na Ruashi. Mzigo humzidi uzito anayeusukuma mara kadhaa. Njiani kuna mashimo na miinuko, na malori hupita karibu kiasi cha kumyumbisha mtu. Hata hivyo kinga, kama Wakatanga wanavyoiita baiskeli, hufika sokoni na magunia yake yote.

Kinachoyashika ni ukanda mweusi wa mpira, uliokatwa kwenye tyubu ya gari iliyochoka. Ni kitu cha kuokota, na bado kinafanya kazi ambayo kamba mpya ya dukani ingeshindwa. Sababu zake zinastahili kuelezwa polepole, maana ndani yake mna kanuni inayofaa pia nati ya gurudumu, reli, paa la shule na hata saketi ya simu.

Mpira unaofuata mzigo

Makala hayatulii. Kila gurudumu likidunda shimoni, vipande vya mkaa husagana, vumbi hushuka chini, na gunia hupungua kimo na kiuno. Kamba isiyonyumbuka, hata ikivutwa na watu wawili wenye misuli, itabaki na urefu ule ule wakati mzigo umepungua. Kilomita chache mbele itakuwa pete kwenye kidole kilichokonda.

Mpira una tabia nyingine. Ukivutwa hadi kukaribia urefu wake mara mbili, unabaki na hamu ya kurudi ulikotoka. Gunia likisinyaa, nao unasinyaa pamoja nalo, bado ukibana. Mfungaji ameweka akiba ya nguvu ndani ya ukanda, na akiba hiyo hutumika kidogo kidogo kadiri barabara inavyoichokoza. Ndiyo maana humwoni akifunga kwa ulegevu kisha akakaza mwishoni. Huvuta tangu mzunguko wa kwanza, akirudi nyuma kwa uzito wa mwili wake wote, na kila mzunguko huwekwa ukiwa tayari umetanuka.

Jambo la pili ni msuguano. Mwanahisabati Leonhard Euler, katika karne ya 18, alionyesha kwamba kamba iliyozungushwa kwenye nguzo huzidisha nguvu ya kushika kwa kila mzunguko, wala haijumlishi tu. Chukua msuguano wa kiasi, ule ambao wahandisi huuandika 0.5. Mzunguko mmoja kamili hufanya kilo moja ya mvuto upande mmoja izuie kilo 23 upande wa pili. Mizunguko miwili huzuia zaidi ya kilo 500. Mpira mkavu juu ya chuma huweza kushika zaidi ya hapo. Basi mwisho wa ukanda hauhitaji fundo. Unachomekwa tu chini ya mizunguko iliyotangulia, nayo inaukandamiza. Akifika sokoni, mwenye mzigo huvuta ncha ile, na kazi yote hufunguka bila kisu.

Jambo la tatu ni namna ya kukata. Tyubu haikatwi vipande vipande vya kuunganishwa baadaye. Hukatwa kwa kuizunguka, kisu kikifuata njia ya konokono, hadi itoke utepe mmoja usio na kiungo. Fanya hesabu: tyubu ya lori yenye mzingo wa mita 2.5, ambayo ikipasuliwa na kutandazwa ina upana wa sentimita 60, hutoa utepe wa sentimita 3 wenye urefu wa mita 50. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na pabovu mara nyingi ni pale ilipounganishwa. Ukanda usio na kiungo umeondolewa ubovu huo kabla safari haijaanza.

Kasoro zipo. Mpira uliovutwa ukichomoka hurudi kama risasi, na jicho ndilo hulipa. Anayefunga hugeuza uso, na wanaojifunza huonywa kwanza juu ya hilo. Jua na joto huufanya mpira upasuke mipasuko midogo ambayo huonekana vizuri ukivutwa. Lakini hapo pana faida pia. Mpira haufichi ugonjwa wake. Anayesukuma anauona ukichoka, anaupapasa kwa kiganja kila anapopumzika, na akiona haja anaongeza mzunguko mwingine.

Mpira wenyewe umewahi kuwa laana katika nchi hii ya Kongo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alisajili hataza ya tairi la upepo. Ulaya na Marekani zikashikwa na wazimu wa baiskeli, na mahitaji ya mpira yakapanda. Katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, iliyodumu kuanzia 1885 hadi 1908, wanakijiji wa maeneo ya misitu walilazimishwa kugema mpira-mwitu kwa mjeledi, kwa kutekwa wake zao na kwa mtutu wa bunduki. Leo tyubu zilizochakaa, nyingi zikiwa zimetengenezwa ng'ambo, zinapata maisha ya pili mikononi mwa watu wanaojiamulia wenyewe cha kuzifanyia.

Shoka linalojikaza

Mitwaba iko mbali na pilikapilika za barabara za Lubumbashi. Ni eneo lililo kaskazini mwa Lubumbashi, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, nchi ya milima ya Kibara, ya miombo, na ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba iliyoundwa mwaka 1939, ambayo makao yake ya Lusinga yamo humo. Mvua zikianza, gari huweza kukwama kwa siku kadhaa. Spea hazipatikani kwa kwenda dukani na kurudi. Anayeishi huko hujifunza kutegemea vifungo anavyoweza kuvitengeneza na kuvirekebisha mwenyewe.

Kimoja cha zamani kabisa ni shoka. Shoka la dukani, la mtindo wa Ulaya, lina tundu kwenye chuma, na mpini wa mti huingizwa humo na kubanwa kwa kabari. Shoka la wahunzi wa Katanga, kama yalivyo mashoka mengi ya Afrika ya Kati, limegeuza mpango huo. Mti ndio wenye tundu. Mpini huchongwa ukiwa na kichwa kinene, hutobolewa, na mkia wa chuma uliochongoka hupenyezwa humo. Kila anapopiga gogo, mkataji huusukuma ule mkia ndani zaidi, kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo inayokaza. Akitaka kunoa au kubadilisha mpini, hugonga mkia kutoka upande wa pili na chuma kinachomoka. Kiangazi kikiukausha mti ukalegea, huloweshwa majini nao huvimba tena.

Ukichora mchoro wake, utakuta ni kabari tu. Lakini ni kabari iliyoelekezwa upande sahihi, hata nguvu ambayo ingeweza kuiharibu imegeuzwa kuwa mtumishi. Wahandisi wa leo hutafuta jambo hilo hilo wanapobuni viungo vinavyojikaza, na si mara zote hulipata kwa urahisi kama huu.

Ustadi huu una mizizi mirefu. Magharibi mwa Mitwaba, kwenye bonde la maziwa la Upemba, wanaakiolojia wamechimbua makaburi ya watu walioishi huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Uchimbaji wa Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre de Maret aliendelea na maeneo mengine, likiwamo Kamilamba. Humo lilipatikana shoka la heshima ambalo mpini wake ulipigiliwa misumari ya chuma, pamoja na fuawe, kwenye kaburi la mtu aliyekuwa na cheo. Mashoka ya machifu wa Kiluba ya karne za karibuni yana mapambo ya namna hiyo hiyo. Msumari na fuawe havikuwa vitu vya fundi tu. Vilitangaza nani ana mamlaka ya kushika watu pamoja.

Shaba nayo ilikuwa na nafasi yake. Wahunzi wa Wayeke, wafuasi wa Msiri aliyetawala Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891, walikuwa mabingwa wa kuvuta shaba iwe waya mwembamba. Msiri na watu wake walitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, na waya wa namna hiyo ndio Waswahili waliouita udodi. Ulikuwa pambo la mikono na miguu, na ulizungushwa pia kwenye mipini ili mti usipasuke. Shaba laini iliyozungushwa kwa kubana hushika sana, na ikilegea hubanwa tena kwa vidole na nyundo ndogo.

Vita vya nati na mtetemo

Kutoka kwenye shoka hadi kwenye bolti ni hatua ndefu, lakini adui hajabadilika: ni mtikisiko. Barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo huitikisa pikipiki mamia ya mara kwa dakika. Dereva akifika anakokwenda hukuta kioo cha pembeni kimeondoka, na bolti ya kikinga cha mnyororo haipo.

Wengi hudhani bolti hushika kwa sababu nati imezungushwa hadi mwisho. Kwa kweli bolti iliyokazwa vizuri ni springi. Spana huitanua kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, nayo hutaka kurudi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vipande viwili pamoja. Ni tabia ile ile ya ukanda wa mpira, ila ndani ya chuma. Na jasho la fundi wa spana hupotea sana: kwa kawaida, kati ya kila sehemu 100 za nguvu anayotumia, takribani 10 tu ndizo hutanua bolti. Zilizobaki humezwa na msuguano chini ya nati na kwenye hesi. Kutu na mchanga huongeza ulafi huo. Nati yenye kutu huonekana imekaza kumbe imekwama tu, na hakuna kinachobanwa.

Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alichapisha utafiti uliobadilisha fikra za mafundi wa viwandani. Alionyesha kwamba mtikisiko mbaya zaidi kwa bolti ni ule unaosukuma vipande vilivyofungwa kwenda upande huu na ule, kwa kuukatisha mhimili wa bolti. Vipande vikianza kuteleza hata kidogo, msuguano hupotea kwa kitambo, na nati hujizungusha yenyewe kurudi nyuma. Majaribio ya namna yake yameonyesha pia kwamba washa ya springi, ile iliyokatwa na kupindwa, ambayo mafundi wengi huiamini, haizuii sana hali hiyo.

Nini basi husaidia? Kwanza, kukaza vya kutosha tangu mwanzo, ili vipande visiteleze. Pili, nati yenye pete ya plastiki ndani, ambayo hubana hesi hata kama mvuto umepungua. Isiondolewe na kurudishwa mara nyingi, maana plastiki huisha. Tatu, pini inayopita kwenye tundu la bolti na kupindwa ncha. Pini haizuii kulegea, ila nati haiwezi kudondoka njiani, na kwenye ekseli ya gurudumu tofauti hiyo ni uhai. Nne, gundi ya hesi. Vernon Krieble, profesa wa kemia huko Hartford, Marekani, aliitengeneza mwaka 1953 ikauzwa kwa jina la Loctite. Ajabu yake ni kwamba hubaki maji maji penye hewa, lakini ikinyimwa hewa katikati ya vyuma viwili hugeuka ngumu.

Baiskeli ya makala ina somo lake hapa. Pedali ya kushoto ina hesi za kinyume, zinazokazwa kwa kuzungushwa kushoto. Anayejaribu kuifungua kwa mazoea huzidi kuikaza. Imefanywa hivyo kwa sababu mguu unapokanyaga, mzunguko wa mzigo kwenye ekseli ya pedali huizungusha ekseli hiyo kidogo kidogo upande mmoja. Kama pande zote mbili zingekuwa na hesi za kawaida, ya kushoto ingejifungua yenyewe barabarani. Kwenye baiskeli nzito za mtindo wa zamani, mkono wa pedali hushikwa na kotapini, kipini chenye bapa upande mmoja. Fundi mzuri hukigonga kwa nyundo hadi kikae kabla ya kufunga nati yake. Nati ile haivuti kipini. Hukizuia tu kisirudi. Anayekivuta kwa nati huharibu hesi, kisha hulaumu ubora wa spea.

Kuna kanuni moja ambayo madereva wa malori wanaijua na wenye magari madogo huipuuza. Baada ya kubadilisha gurudumu, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Rangi, kutu na vumbi vilivyokuwa katikati ya vyuma husagika na kutoka, nafasi ndogo hubaki, na bolti hupoteza mvuto wake. Kwa anayetoka Lubumbashi kwenda Mitwaba, kusimama kabla ya Likasi na kuzungukia magurudumu ni sehemu ya safari.

Vinavyoshika kwa kuacha nafasi

Reli ilifika Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, Septemba 1910 ikitokea kusini, na mwaka uliofuata tanuri la shaba la Union Minière likaanza kazi. Reli zile za upana wa milimita 1,067 ziliunganishwa kwa mabamba mawili ya chuma pembeni na bolti zilizopita katikati. Mtu angetarajia mwungano uwe mgumu kabisa. Sivyo. Reli ya mita 12 hurefuka kwa takribani milimita 4 joto la chuma likipanda nyuzi 30, na Katanga, yenye baridi ya usiku wa Juni na jua kali la Oktoba, hufikia tofauti hiyo na kuizidi. Kwa hiyo huachwa pengo kati ya reli na reli, na matundu ya bolti huwa makubwa kuliko bolti. Ukikaza kupita kiasi, reli hukosa pa kwenda na hupinda ubavuni. Ukilegeza, vichwa vya reli hugongwa na magurudumu hadi vikabonyea. Ndiyo maana kila njia ya reli ya mtindo huo ilihitaji mtu wa kuitembea kwa miguu, spana ndefu begani.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na ujuzi wa namna hiyo baharini. Mtepe, chombo cha Lamu na visiwa vyake, ulishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za makumbi ya nazi. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza hivi kinataja vyombo vilivyoshonwa katika pwani hii, na mitepe iliendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Chombo kilichoshonwa hunyumbuka kinapopanda mchanga, ambapo cha misumari kingeweza kupasuka. Gharama yake ni kwamba kamba huoza, na mshono sharti urudiwe mara kwa mara. Mabaharia walikubali gharama hiyo. Walijua kazi ya kushona haiishi siku chombo kinaposhushwa majini.

Paa la nyumba lina mambo yake. Mabati hupigiliwa kwenye kilima cha mkunjo, wala si bondeni, ili maji yasipite kwenye tundu. Na chini ya kichwa cha msumari huwekwa kipande cha mpira. Mpira huo huziba, tena hunyumbuka bati linapopanuka kwa jua. Upepo wa mwanzo wa masika haung'oi bati kwa mkupuo. Hulinyanyua na kulirudisha mara elfu, na kila mara msumari hutoka kidogo. Mwenye nyumba anayepanda paa kabla ya Novemba na nyundo mkononi anaokoa fedha nyingi kuliko anayenunua misumari mikubwa zaidi baada ya dhoruba.

Bati la Mitwaba katika mfuko wako

Mpaka hapa tumezungumzia vifungo vinavyoletwa Mitwaba au kutengenezwa huko. Lakini Mitwaba nayo huitumia dunia kitu cha kuunganishia. Ardhi yake ina kasiteriti, mawe mazito meusi au ya kahawia, ambayo ndani yake mna bati lenyewe, yaani metali, tofauti na mabati ya paa. Kampuni za enzi ya ukoloni ziliyachimba. Leo wachimbaji wadogo huyachimba kwa sururu na kuyaosha kwa maji.

Takribani nusu ya bati linalotumiwa duniani huishia kwenye lehemu, ile metali laini inayoshika vipande vya umeme kwenye ubao wa saketi. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 tu. Zamani lilichanganywa na risasi, na mchanganyiko wa sehemu 63 za bati na 37 za risasi uliyeyuka kwa nyuzi 183. Risasi ni sumu, na tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya umeizuia katika vifaa vingi vya umeme. Mchanganyiko uliochukua nafasi yake kwa wingi una bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5. Kwa maneno mengine, sheria iliyopitishwa Brussels iliongeza thamani ya mawe yanayochimbwa huku, na nusu asilimia ya shaba iliyobaki huenda nayo imetoka Katanga.

Katika simu moja kuna mamia au maelfu ya vidoa vya lehemu, vingine vidogo kuliko chembe ya chumvi. Vinashika kwa nguvu, lakini navyo huchoka. Simu hupata joto na kupoa. Ubao na vipande vilivyo juu yake hupanuka kwa viwango tofauti. Kidoa kinavutwa huku na huku hadi kinapata ufa. Mafundi simu wa Lubumbashi, kwenye meza zao pembezoni mwa masoko, huushughulikia ufa huo kwa hewa ya moto na dawa ya kusafishia metali. Lehemu huyeyuka, hujikusanya yenyewe, hushika tena. Hicho ndicho kisa cha simu iliyotangazwa kuwa imekufa kutoka mezani ikilia. Gundi kali inayotumika kufukia vipande katika simu nyingi za kisasa huifanya kazi hiyo kuwa ngumu. Mtengenezaji amepata kifungo kigumu zaidi, na fundi amenyimwa njia ya kukirekebisha.

Lakiri nayo ni kifungo

Safari ya kasiteriti kutoka shimoni ina kifungo kingine, kidogo cha plastiki chenye namba. Baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuzitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka maeneo ya vita ya Kongo na jirani zake, mpango wa iTSCi ulianza kuweka lebo kwenye magunia ya madini ya Katanga mwaka 2011. Gunia hufungwa, lebo huchomekwa, namba huandikwa daftarini. Kwa mwenye kiwanda aliyeko Asia au Ulaya, lebo ile inasema kwamba mawe haya hayakulipia bunduki.

Watu wa Mitwaba wanajua kwa nini swali hilo liliulizwa. Katikati ya miaka ya 2000 eneo la Mitwaba, Manono na Pweto liliitwa pembetatu ya kifo kwa sababu ya vita vya wanamgambo wa Mai-Mai na jeshi, na maelfu ya familia zililazimika kufunga nyumba nzima juu ya baiskeli na kuondoka. Hata hivyo mwaka 2022 shirika la Global Witness lilichapisha ripoti iliyodai kwamba katika maeneo kadhaa ya Kongo lebo za mpango huo zilitumika kusafisha madini kutoka migodi isiyoidhinishwa. Wasimamizi wa iTSCi walikanusha.

Kwa fundi, mjadala huo una sura anayoifahamu. Plastiki ya lebo ni imara, na kuikata bila kuacha alama ni vigumu. Udhaifu uko kwa anayeichomeka na anayeikagua: analipwa kiasi gani, anafika mgodini mara ngapi, na nani anamsimamia. Lebo iliyofungwa vizuri kwenye gunia lisilofaa inadanganya kwa uthabiti. Ni nati iliyokwama kwa kutu, inayoonekana imekaza.

Spana na mshahara wake

Ukiziweka mbinu zote hizi mezani, mpira, kabari, bolti, mshono, lehemu na lebo, hakuna moja iliyoshinda kwa ugumu peke yake. Zinazodumu ni zile ambazo mtu wa karibu anaweza kuona zinalegea na kuzikaza kwa chombo alicho nacho. Msukuma makala anapapasa ukanda wake. Mkataji miti analowesha shoka. Baharia alirudia mshono. Vinavyofeli ni vile vilivyokabidhiwa kwa uimara wao wenyewe, vikaachwa.

Lakini fedha za umma hazifuati busara hiyo. Madaraja, pampu za visima, mapaa ya shule na paneli za jua hufunguliwa kwa hotuba na utepe, kisha hakuna bajeti ya nati. Pampu ya mkono hunyamaza kwa sababu bolti moja ya bei ndogo imedondoka kisimani, na kijiji kinarudi mtoni. Si lazima iwe hivyo. Taasisi ya mafunzo ya ufundi ya INPP ina kituo Lubumbashi. Mafundi wa kinga na wa simu wapo kila mtaa. Maarifa ya kusoma kifungo na kujua kitalegea lini yamejaa mikononi mwa watu. Kinachokosekana ni mkataba unaoyalipa.

Basi kila mradi unaopelekwa Mitwaba, uwe wa serikali, wa kampuni ya madini au wa wafadhili, uandikiwe vitu vitatu kabla ya kutiwa saini: spana zinazolingana na bolti zake, kasha la nati na pini za akiba litakalobaki kijijini, na jina la mtu atakayelipwa kila mwezi kuzunguka na kukaza. Gharama yake ni ndogo sana kando ya gharama ya kujenga upya. Anayesema hakuna fungu la hilo, aulizwe ametenga kiasi gani kwa ajili ya utepe wa uzinduzi.